Daftari la Mwongozaji: Shajara ya Mafunzo ya Ujerumani na Jaribio la Temeke

Kikundi chetu cha maigizo hufanyia mazoezi uani kwa mama mmoja, Temeke, Dar es Salaam. Mradi huu una lengo moja: mwongozaji wa kikundi, ambaye ni mimi, apate ufadhili wa mafunzo nje ya nchi, akae na kazi moja tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi watazamaji waingie, kisha arudi na njia ya kuhifadhi onyesho ili lisife mwigizaji anapoondoka. Hilo la kufa ndilo lililotusukuma. Igizo letu la mirathi lilipendwa mno, lakini dada aliyecheza nafasi ya shangazi alipoolewa na kuhamia Mwanza, likaishia hapo. Matini tulikuwa nayo. Onyesho lenyewe lilikuwa vichwani mwa watu, na kichwa kimoja kilikuwa kimepanda basi.

Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili kikundi kingine kikitaka kupita njia hii kisianze moja.

Septemba 2024: Kuchagua pa kuomba

Nafasi za mafunzo kwa waongozaji chipukizi zipo, ila hazifanani, na jina zuri la programu halikwambii utakachofanya ukifika. Ellen Stewart, aliyeanzisha jumba la maonyesho la La MaMa mjini New York mwaka 1961, aliacha pia makao ya wasanii karibu na Spoleto, Italia. Huko, tangu mwaka 2000, waongozaji hukutana majira ya joto kufundishwa na wakongwe kutoka nchi mbalimbali. Ni mafunzo yenye sifa, lakini mshiriki hulipa ada. Berlin nako kuna Theatertreffen, tamasha la kila mwezi Mei lililoanza mwaka 1964. Jopo la wahakiki huchagua maonyesho 10 kutoka nchi zinazozungumza Kijerumani, na pembeni yake vijana wa fani hii kutoka nchi nyingi wamekuwa wakialikwa kutazama, kujadiliana na kufanya warsha. Hapo unaona kazi iliyokwisha kuiva. Mimi nilitaka kuiona ikiwa bado mbichi.

Kwa hiyo nimeomba aina ya tatu: mfuko mmoja wa Ujerumani unaomweka mwongozaji wa kigeni katika jumba la maonyesho la jiji kama mwangalizi wa kazi moja nzima. Sababu ya kuchagua Ujerumani ni mfumo wao. Jumba la jiji lina waigizaji wake wa kudumu wanaolipwa mshahara, na lina michezo mingi inayopokezana: leo huu, kesho ule, wiki ijayo mwingine. Mchezo mmoja unaweza kuonyeshwa mara chache kwa mwezi, ukalala, ukarudi msimu unaofuata. Mwongozaji aliyeutengeneza huwa ameshaondoka siku nyingi, yuko mji mwingine na kazi nyingine. Anayebaki kuulinda ni mwongozaji msaidizi na daftari lake. Yaani wao wamelazimika kulitatua lile lile lililotuua sisi, na wanalitatua kila wiki.

Unapoomba nafasi ya aina hii, muulize mfadhili swali hili kwa maandishi kabla ya kujaza fomu: je, nitakuwamo chumbani siku ya kwanza ya mazoezi, na nitakuwamo bado siku ya onyesho la kwanza? Programu mbili nilizoziuliza zilijibu kwamba mshiriki huja katikati, kwa ratiba ya ofisi. Nikaziacha.

Oktoba 2024: Video ya maombi

Hatua hii ilikula muda kuliko zote za maombi, na ndipo wengi wetu tunapoangushwa hata kama kazi yetu ni nzuri. Wafadhili walitaka dakika kumi za kazi yako. Tulirekodi igizo fupi jioni, uani, kwa simu moja iliyofungwa juu ya ngazi ya fundi rangi. Matokeo hayakufaa. Picha ilikuwa na mistari myeusi inayopanda na kushuka, na sauti iliyosikika vizuri ilikuwa ya kuku wa jirani.

Mistari ile ina sababu yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za mrija na taa nyingi za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Dawa ni kuingia kwenye kamera ya simu, kuchagua mpangilio wa mkono, na kuweka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100, ili kila picha ipokee mwanga ule ule. Simu ambayo haina mpangilio huo hupata programu ya bure inayoongeza. Mistari ilitoweka kabisa. Sikulipia chochote, na hakuna aliyekuwa amewahi kunieleza.

Sauti tuliitengeneza kwa simu ya pili iliyofichwa ndani ya kikapu cha nguo katikati ya jukwaa, hatua chache kutoka kwa waigizaji. Kabla ya kuanza, mmoja anapiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, kazi imekwisha. Kuku walibaki, lakini kwa mbali, na nikaamua wabaki. Uani kuna kuku.

Maandishi ya tafsiri chini ya picha nayo yalitaka marudio. Toleo la kwanza lilitafsiri kila neno, hata nyimbo, na mtazamaji asiyejua Kiswahili angetumia dakika kumi kusoma badala ya kutazama. Toleo la pili lina mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja, kila mstari herufi zisizozidi 42 hivi, na nyimbo hazina tafsiri ila maelezo mafupi mwanzoni: wanaomba mvua, wanasuta jirani. Pia tuliacha kukatakata vipande vizuri vizuri. Tulipeleka tendo moja lisilokatwa. Mwongozaji anayesoma maombi yako anataka kuona unavyowapitisha watu kutoka hali moja hadi nyingine, na hilo halionekani kwenye vipande.

Gharama: bando na nauli za waigizaji, shilingi 64,000. Kuazima simu ya pili, bure.

Novemba 2024: Barua ya nia

Rasimu ya kwanza ilizungumzia historia ya tamthilia ya Tanzania, nafasi ya sanaa katika jamii, na ndoto zangu. Dada mmoja aliyewahi kukaa kwenye jopo la uteuzi aliisoma, akanirudishia na maneno haya: "Mdogo wangu, hii barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Niambie ulichofanya siku shangazi anakataa kusaini karatasi."

Nikaandika hilo. Katika tukio lile shangazi alitakiwa kufoka. Tulijaribu, likawa kelele. Nikamwambia akunje kanga wakati kaka zake wanagombana, aikunje vizuri kona kwa kona, na asiseme neno mpaka amalize. Ukurasa mzima wa barua ulieleza kanga ile, kwa nini inakunjwa, watazamaji walifanya nini ilipokunjwa, na kwamba sikuwa na njia ya kumwachia mtu mwingine kitendo kile nikiwa sipo. Mwisho nikaeleza ninachokwenda kujifunza: kuandika onyesho. Sikugusa historia hata mstari mmoja.

Januari 2025: Jibu, na makaratasi

Nimepata. Pasipoti shilingi 150,000. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha msanii kwenda nje kinataka barua ya mwaliko na usajili wa msanii ulio hai, kwa hiyo huisha usajili wako kabla hujaomba ufadhili, maana mwaliko ukishafika siku zinakimbia. Koti zito nimelipata mitumba ya Karume kwa 25,000, na viatu vya kufunika kifundo kwa 30,000. Machi kule bado ni baridi.

Februari 2025: Viza na pesa ya kutangulia

Kukaa kwangu ni chini ya siku 90, kwa hiyo nimeombewa viza ya muda mfupi ya Schengen. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90, ambayo kwa siku niliyolipa ilikuwa kama shilingi 240,000. Bima ya afya ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Yangu ilinigharimu 210,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla yake, na nashauri usisubiri hata nusu ya muda huo. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, katikati ya jiji, na miadi ndiyo inayochelewesha.

Makaratasi ya kawaida sitayaorodhesha. La kutaja ni uthibitisho kwamba utarudi. Msanii wa kikundi cha uani hana barua ya mwajiri wala mshahara wa benki. Tulichokusanya ni cheti cha usajili wa kikundi, mkataba wa onyesho la Oktoba 2025 uliosainiwa na shule moja ya sekondari, barua ya serikali ya mtaa, na taarifa ya akaunti ya kikundi badala ya yangu. Mkataba wa Oktoba ndio ulioulizwa zaidi. Kwa anayefuata njia hii: tafuta kazi ya kurudia nyumbani, iandikwe, isainiwe na ipigwe muhuri kabla ya miadi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nauli. Mfuko hurudisha pesa ya tiketi baada ya safari, kwa kuonyesha stakabadhi, na tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa 2,480,000. Kwa msanii wa hapa, ufadhili wa namna hiyo ni mlango uliofungwa. Nimechukua mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ambako mama mwenye uwanja ni mwanachama, yeye akanidhamini, na riba ikafika 180,000. Baadaye, nikiwa tayari nimekopa, mwangalizi mwingine wa mfuko huo huo kutoka nchi ya Amerika ya Kusini aliniambia yeye aliomba kwa barua wanunue tiketi wao wenyewe, wakanunua. Kwa hiyo omba. Andika kwamba huna kadi ya mkopo na kwamba benki haitakukopesha. Wafadhili wengi hawajui jambo hili mpaka waambiwe, na kila anayeliandika anampunguzia mzigo anayekuja nyuma yake.

Machi 2025: Chumba cha mazoezi

Nimefika. Jiji na jumba sitavitaja kwa kuwa nazungumzia mazoezi ya watu ambao hawakuombwa ruhusa ya kuandikwa.

Jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa limekwisha kutokea kabla sijafika. Miezi kadhaa kabla ya mazoezi hufanyika siku ya kujaribu jengo la mandhari: mafundi husimamisha jukwaani mandhari ya uongo yenye ukubwa kamili, kwa mbao, vitambaa na maboksi, ili mwongozaji na mbunifu waone kama mlango umekaa vizuri na kama mtu wa balkoni ya mwisho ataona. Ndipo karakana huanza kujenga. Waigizaji wanapoanza mazoezi, sakafu ya chumba cha mazoezi imeshachorwa kwa tepu za rangi, kila ukuta na kila ngazi mahali pake. Hili linawezekana Temeke kesho asubuhi. Tepu ya karatasi ni 3,000.

Siku ya kwanza wote hukaa mezani: mbunifu anaonyesha kimodeli cha mandhari, mwongozaji anaeleza anachokitafuta, matini inasomwa. Baada ya hapo ratiba ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, katikati mapumziko. Wiki sita hadi nane kwa mchezo mmoja ni kawaida. Nikihesabu saa ambazo kikundi chetu hupata kabla ya onyesho, na hapo kila mtu ametoka kazini na amekaa kwenye foleni ya Mbagala, naona kwamba tofauti yetu na wao haiko kwenye kipaji.

Kijerumani changu ni cha kuanzia tu, na siku za mwanzo nilipotea kabisa. Kuomba wenzangu wanitafsirie hakukusaidia. Kila aliyenitafsiria alikuwa anakosa kazi yake. Kilichosaidia ni kuhamia kiti cha jirani na mnong'onezi, yule anayefuatilia matini na kumkumbusha mwigizaji aliyesahau. Kidole chake kiko kwenye mstari daima. Niliomba matini ile iliyopunguzwa, yaani yenye mistari iliyofutwa na mwongozaji na mtu wa matini wanayemwita dramaturgi, na kila usiku nikasoma kurasa za kesho pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kuanzia hapo nikawa najua tuko wapi hata nisipoelewa utani.

Aprili 2025: Daftari lenyewe

Ndilo nililoendea. Wenyewe huliita Regiebuch, na linakaa kwa mwongozaji msaidizi, kijana wa rika langu aliye katika mwaka wake wa pili wa kazi hiyo. Huko usaidizi wa miaka miwili au mitatu ndiyo njia ya kawaida ya kuwa mwongozaji. Aliniruhusu niandike la kwangu sambamba na lake, na baada ya kila zoezi tulilinganisha.

Linavyotengenezwa: unachukua kaunta buku kubwa. Ukurasa wa kushoto unagandishwa matini. Ukurasa wa kulia ni mtupu, na juu yake unachorwa mchoro mdogo wa jukwaa. Kila mwendo wa mwigizaji unapewa namba, namba hiyo inaandikwa ndani ya matini juu ya neno lile lile ambalo mwendo unaanzia, na kulia unaeleza nani, kutoka wapi, hadi wapi. Penseli tu. Wino haukubaliki mpaka wiki ya mwisho, kwa sababu kila kitu kitabadilika.

Daftari langu la wiki ya kwanza halikuwa na faida. Nilikuwa nimeandika mno: kila mkono uliopanda, kila kichwa kilichogeuka. Msaidizi alifungua ukurasa mmoja, akaniomba nisimame nifanye kilichoandikwa, na sikuweza. Maelezo yalinifunga miguu. La kwake lilikuwa na mistari minne kwa ukurasa. Tofauti ni kwamba yeye aliandika sababu. Mahali nilipoandika "anatembea hadi dirishani, polepole, mkono wa kushoto mfukoni", yeye aliandika "anaenda dirishani asionwe uso". Mwigizaji mwingine akipewa sababu ile atakwenda dirishani kwa mwili wake mwenyewe, na tukio litasimama. Akipewa mkono wa mfukoni atabaki na mkono wa mfukoni.

Nimelala na sentensi ile siku kadhaa. Nadhani ndiyo thamani ya safari yote.

Wiki ya mwisho wanahamia jukwaani pamoja na taa, sauti na maleba, na daftari linapokea safu mpya: taa namba ngapi inabadilika kwenye neno gani, nani anatoa ishara. Kabla ya onyesho la kwanza watu walipita nyuma ya jukwaa wakitemeana mate hewani juu ya bega la kushoto na kusema "toi, toi, toi". Usiseme asante, niliambiwa mapema. Asante inaharibu bahati.

Mei 2025: Berlin

Onyesho la kwanza limepita, nimebakiwa na muda mfupi, na nimeutumia Berlin. Sehemu ya Theatertreffen nimeiona kwa tiketi za bei ya chini, lakini kilichonileta ni Chausseestraße namba 125, nyumba ya mwisho ya Bertolt Brecht, mwandishi na mwongozaji wa Kijerumani, na mkewe mwigizaji Helene Weigel, ambamo mna hifadhi ya karatasi za Brecht. Wawili hao walianzisha kikundi cha maigizo cha Berliner Ensemble mwaka 1949, na katika miaka ile ile Ruth Berlau, mshirika wa Brecht, alikuwa akipiga picha maonyesho yao, tukio kwa tukio, ili zitengenezwe vitabu vya modeli: picha, mstari wa matini, na maelezo ya kwa nini. Jumba jingine lingeweza kukiazima kitabu na kukifuata au kubishana nacho. Ni lile daftari la msaidizi, isipokuwa limepewa macho.

Mwandishi wetu Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alisomea udaktari wake Berlin Mashariki miaka ya 1970, chuo kikuu cha Humboldt. Mwendo kutoka Humboldt hadi nyumba hii ni mfupi. Nilitembea njia hiyo kwa miguu. Nawaomba wasomaji wa shajara hii walio vyuoni walitafute jambo hili kwa kina kuliko nilivyoweza: waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki waliokwenda nje kusomea fani hii walirudi na madaftari gani, na yako wapi?

Kutokana na Berlau nimeongeza kitu kimoja kwenye utaratibu wetu: kila namba ya mwendo ipate picha moja, kutoka sehemu moja isiyobadilika.

Julai 2025: Temeke, jaribio la kwanza

Tumefufua igizo la mirathi. Sakafu ya uani imechorwa, tena kwa chokaa badala ya tepu, maana tepu haishiki vumbi. Daftari limeanza.

Mchoro ulikwama siku ya kwanza. Kule watazamaji wako upande mmoja, kwa hiyo kulia na kushoto vina maana. Kwetu watu hukaa pande zote, watoto mbele mkekani, wakubwa kwenye viti, na wengine wanachungulia ukutani. Kulia kwa nani? Waigizaji walipishana vibaya mara moja.

Tukajaribu uso wa saa: jukwaa ni duara, kila sehemu ina namba. Lilionekana jibu zuri mpaka nilipomwambia mjomba wa igizo asimame saa tatu. Nusu ya waigizaji walitazama mahali palipoandikwa 3 kwenye uso wa saa, nusu wakatazama palipoandikwa 9, kwa sababu mshale ukiwa pale ndipo sisi tunaposema saa tatu. Wote walikuwa sahihi. Hatukuweza kukubaliana hata baada ya kuchora, maana mtu anaposhtuliwa katikati ya tukio hurudi kwenye saa ya nyumbani kwao.

Agosti 2025: Marekebisho

Suluhisho lililobaki lilitoka kwa mama mwenye uwanja, aliyekuwa anatutazama huku akichambua mchele. "Wanangu, si mseme mwembeni na mlangoni?" Basi tukaupa uwanja majina: Mwembe, Mlango, Jiko, Ngoma, na katikati Mkeka. Kila mwendo unaandikwa kutoka jina hadi jina. Tukienda kucheza kwingine, kazi ya kwanza ya msaidizi ni kubandika vibao vinne na kutandika mkeka. Mwembe unaweza kuwa nguzo ya goli. Mchoro wa daftari haubadiliki. Tumeujaribu kwenye uwanja wa shule na hakuna aliyepotea.

Ngoma ilinisumbua zaidi. Kule muziki ulikuwa unatoka kwenye kompyuta, na daftari liliandika tu namba ya kubonyeza. Ngoma yetu inamsikiliza mwigizaji, inamngoja, inamkatiza. Nilijaribu kuandika mapigo kwa alama za mistari na vitone. Mpigaji mwingine alipoyasoma yalitoka makavu. Kurekodi sauti kulihifadhi mlio lakini hakukumwambia mtu aingie lini. Ndipo mzee wetu wa ngoma aliponiketisha: "Mwanangu, andika ninavyoitamka. Usiandike unavyoisikia." Yeye hufundisha kwa kutamka mapigo mdomoni, silabi kwa silabi, nzito kwa ngozi ya katikati na nyepesi kwa ukingo. Sasa silabi zake zimeandikwa kwenye ukurasa wa kushoto, ndani ya matini, juu ya maneno ya waigizaji, kama namba za miendo. Zikitofautiana na rekodi, tunafuata silabi.

Oktoba 2025: Mtihani

Jaribio lenyewe la mradi: mwigizaji mpya wa nafasi ya shangazi, dada ambaye hakuwahi kuliona igizo, alipewa daftari na picha, na mimi nikakatazwa kuingia uani. Msaidizi wetu, mdogo kuliko wote kikundini, ndiye aliyeongoza. Niliitwa Alhamisi ya wiki iliyofuata kutazama.

Njia zote alizipita sawa. Aliingia na ngoma kwa wakati. Katika ugomvi wa kaka, mahali ambapo daftari linasema "anaenda Jikoni ili asiulizwe", alikwenda kwa namna tofauti kabisa na yule wa Mwanza, nyepesi, kama mtu aliyekumbuka chungu motoni, na ilikuwa bora kuliko ya mwanzo. Nilifurahi mpaka nikasimama.

Kanga ikashindikana. Daftari liliandika: anakunja kanga, ananyamaza, kisha anakataa. Alikunja, akanyamaza, akakataa, yote kwa pumzi moja, na tukio likapita bila mtu kuliona. Urefu wa kimya haukuwa umeandikwa. Kuandika sekunde hakukufaa. Alianza kuhesabu na uso ukamgeuka kuwa wa mtu anayehesabu. Tulichoandika mwishoni ni kile wengine wanachofanya wakati yeye amenyamaza: "hasemi mpaka kaka mkubwa aache kuzungusha kofia, na mdogo aangalie Mlangoni". Sasa kimya chake kinawategemea wawili hao, nao wamefundishwa wasimharakishe. Tangu hapo kimya chochote katika daftari kinaandikwa kwa kitendo cha mtu mwingine.

Onyesho la shule, lile la mkataba wa viza, limechezwa. Wamelipa.

Novemba 2025: Hesabu na yaliyobaki

Pesa iliyotoka mifukoni mwetu na haikurudi: video 64,000, pasipoti 150,000, nguo 55,000, viza 240,000, bima 210,000, riba ya VICOBA 180,000. Jumla 899,000. Nauli ya ndege ilirudishwa wiki kadhaa baada ya safari, na posho ya mfuko ilitosha chumba na chakula. Upande wa nyumbani: kaunta buku, kopi, chokaa, penseli na kusafisha picha, 71,500. Kikundi ambacho hakina nafasi ya kwenda popote kinaweza kuanza na hizo 71,500 peke yake, na ningependa sana kusikia kimefika wapi.

Bado hatujapiga picha za tukio la baraza la ukoo, kwa kuwa lina watu kumi na mmoja na sehemu moja ya kupigia haiwaoni wote. Tunajaribu kupanda juu ya tangi la maji Jumamosi hii. Daftari la pili, la igizo jipya la wavuvi, litaanza kuandikwa siku ya kwanza ya mazoezi badala ya baada ya onyesho, na msaidizi ndiye atakayelishika.